Sheria kali dhidi ya magenge: kali ya aina gani?

Mama mmoja muuza nafaka aliingia kibandani kwangu mwendo wa saa nne asubuhi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mimi hupiga chapa barua na hati karibu na mahakama moja hapa Nakuru, kwa hivyo nimezoea karatasi za namna hiyo. "Mwanangu, niandikie kwamba nimemsamehe," akasema. Nikamuuliza amemsamehe nani. Akamtaja kijana aliyekuwa rumande kwa kumpiga na kumnyang'anya mauzo ya siku, baada ya yeye kukataa kutoa ile hamsini ya kila jioni ambayo sokoni kwao huitwa "ya vijana". Nilipoinua macho niliona wawili wamesimama mlangoni, mmoja anatafuna muwa, hawana haraka. Niliandika. Barua yenyewe ilikuwa mistari sita. Mama akatia sahihi mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza ilitoka nje ya mstari.

Mwezi huohuo chama cha wafanyabiashara kiliniletea rasimu ya memoranda ya kupelekwa kwa mbunge. Ilikuwa na sentensi moja tu ya maana: "Tunataka sheria iwe kali zaidi dhidi ya magenge." Nikawauliza, kali wapi? Mwenyekiti akasema wafungwe maisha na wasipewe dhamana. Mweka hazina akasema hapana, wanyang'anywe mali. Mama mmoja wa mitumba akasema yeye anataka tu mtu anayekwenda kutoa ushahidi arudi nyumbani salama. Na mzee wa Bondeni, ambaye amezika wajukuu wawili, akataka vijana wapewe mlango wa kutokea. Walibishana saa nzima na chai ikapoa.

Makala haya ni kwa watu kama hao. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha soko, sako ya matatu, kikundi cha akina mama au baraza la kanisa, na mnataka kusema neno kuhusu sheria ya magenge lakini hamjui mlishike wapi, hizi hapa njia nne na namna ya kuzipima.

Tutakavyopima

Kila njia nitaiuliza maswali manne yaleyale. Inamshika nani: kijana wa mlangoni au anayemtuma? Inahitaji nini ili ifanye kazi? Itachukua muda gani kabla muuza nafaka hajaona tofauti? Na ikikosea, inamuumiza nani? Kisha nitasema inamfaa nani. Bei sijaiweka kwenye orodha makusudi, kwa sababu kila njia ina gharama, na mwananchi anayelipa hamsini kila jioni tayari anagharamika.

Tulicho nacho tayari

Wengi wanaodai sheria mpya hawajui ya zamani inasema nini, na si kosa lao. Hakuna aliyewahi kuwasomea sokoni. Tangu 2010 Kenya ina Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa. Kwa sheria hiyo, genge ni watu watatu au zaidi walioungana kwa kipindi fulani ili watende uhalifu mkubwa kwa faida. (Wawili wakikupora, hao si genge kisheria, ingawa mfuko wako hautambui tofauti.) Kuwa mwanachama ni kosa. Kumwingiza mwingine ni kosa. Adhabu inafika kifungo cha miaka 15 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili, na mtu akiuawa inaweza kuwa kifungo cha maisha. Waziri anaweza kulitangaza kundi kuwa haramu kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Oktoba 2010 George Saitoti, waziri wa usalama wa ndani wakati huo, aliyatangaza makundi 33, yakiwemo Mungiki, Sabaot Land Defence Force ya Mlima Elgon na Baghdad Boys ya Kisumu. Kufikia mwanzoni mwa 2017 orodha ilikuwa imekaribia makundi 90.

Juu ya hiyo kuna Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 296(2): wizi wa kimabavu ukiwa na silaha, au ukiwa na mwenzako mmoja tu, adhabu yake ni kifo. Sasa zungumza na mtu wa Kaptembwo hapa Nakuru au wa Nyalenda kule Kisumu umwambie kwamba anayempora simu kwa panga anaweza kuhukumiwa kunyongwa, uone atakavyokuangalia.

Njia ya kwanza: kuongeza makali ya adhabu na kubana dhamana

Hii ndiyo ya mwenyekiti, na ndiyo husikika kwanza kila maiti inapookotwa. Juni 2022, wanawake walipouawa mfululizo mtaa wa Mawanga na jina la genge la Confirm likasambaa nchi nzima, hapa mjini ungeokota saini elfu moja za kifungo cha maisha kabla ya saa sita mchana. Mimi mwenyewe ningeweka yangu.

Inamshika nani? Zaidi ni kijana wa mlangoni, kwa sababu ndiye anayeonekana. Lakini sheria ya uanachama ina faida ambayo makosa ya kawaida hayana: inamruhusu polisi kuingilia kati mtu anapoandikisha wenzake, kabla damu haijamwagika. Kwa mtaa ambao genge ndilo kwanza linaota, hilo si jambo dogo.

Inahitaji nini? Inahitaji kesi ifike mwisho, na hapo ndipo penye utata. Adhabu ya kifo kwa wizi wa kimabavu imekuwepo miaka yote hii, lakini Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aligeuza hukumu za wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Sisemi tunyonge. Ninachosema ni kwamba mhalifu hapigi hesabu ya miaka iliyoandikwa kitabuni. Anapiga hesabu ya kama atashikwa, kama faili itapotea, kama yule mama wa nafaka atafika mahakamani. Ukitoa miaka 15 ukaweka 30 bila kugusa hayo, kilichobadilika ni tarakimu.

Kuhusu dhamana, Katiba imefunga mlango ambao mbunge wako hawezi kuuvunja kwa mswada wa kawaida. Kifungu cha 49 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na apewe dhamana isipokuwa kuna sababu nzito za kumnyima. Kwa hivyo anayewaahidi kwamba ataifuta dhamana kwa magenge anawauzia mbuzi kwenye gunia. Kinachowezekana ni sheria itaje wazi kwamba kumtisha shahidi ni sababu nzito, na mlalamishi asikizwe kabla ya mshtakiwa kuachiliwa. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 tayari inataka usalama wa mwathiriwa uzingatiwe masharti ya dhamana yanapowekwa. Wangapi sokoni wanajua hilo? Mama yule hakujua. Na mimi niliyemwandikia barua nilikuja kujua baadaye.

Muda: kubadilisha adhabu ni kazi ya haraka kuliko zote, na ndiyo maana wanasiasa wanaipenda. Mabadiliko mtaani ni hadithi nyingine.

Ikikosea, inawaumiza vijana wasio na hatia, na kwa wingi. Mpwa wangu alizolewa kwenye msako mmoja akiwa ameketi kwenye benchi la bodaboda akisubiri abiria, akalala ndani usiku mmoja, kosa lake likiwa ni nywele na umri. Hilo ni dogo. Kubwa ni la Mlima Elgon. Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi katika Operesheni Okoa Maisha kuwasaka Sabaot Land Defence Force, kundi lililokuwa limeua, limekata watu masikio na kutoza wakulima kodi yake. Kundi lilivunjwa, kiongozi wake, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei mwaka huohuo. Wanakijiji wengi walishukuru. Lakini watetezi wa haki za binadamu walikusanya ushahidi wa wanaume kuteswa na wengine kutoweka, na ziko familia huko zilizoumizwa mara mbili, kwanza na genge, kisha na waliokuja kuliondoa genge. Upande wa pili wa sarafu uko pwani: Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba kupigwa marufuku kwa Mombasa Republican Council, kundi lililodai pwani ijitenge, kulikiuka Katiba. Sheria kali isiyo na mipaka ama inaumiza watu, ama inaangushwa mahakamani.

Inamfaa nani? Mtaa ambao genge linaandikisha watoto wazi wazi, polisi wana nia, mashahidi wapo, na kinachokosekana kweli ni kosa lililoandikwa vizuri.

Njia ya pili: kufuata pesa

Shemeji yangu anaendesha matatu Kisumu. Ana daftari la kurasa za mraba, jalada limelowa mafuta, na kila jioni huandika: mafuta, mwenye gari, sako, kuosha, na mstari mmoja ambao jina lake hubadilika kila baada ya miaka michache. Zamani ulikuwa na jina la kundi moja, sasa anaandika tu "squad". Ni shilingi mia. Nilimwambia tupige hesabu. Chukua steji yenye magari 40, kila moja mia kwa siku: hiyo ni 4,000 kwa siku, karibu milioni moja na nusu kwa mwaka. Steji moja tu. Vijana wanaokusanya wanavaa viatu vya mitumba. Basi pesa inaenda wapi?

Hapo ndipo mweka hazina ana hoja. Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Utakatishaji wa Pesa ya 2009 iliunda Shirika la Urejeshaji Mali, ambalo linaweza kwenda Mahakama Kuu likaomba nyumba, gari au akaunti vitaifishwe hata kama mwenyewe hajahukumiwa kwa kosa lolote. Kipimo cha ushahidi ni cha kesi ya madai: lipi lina uwezekano zaidi, si "bila shaka yoyote". Mwenye mali akishindwa kueleza aliipataje, inaenda. Kwanza shirika huomba amri ya kuizuia mali isiuzwe, amri ambayo hudumu siku 90 tangu itangazwe kwenye Gazeti Rasmi, kisha ndiyo kesi ya kutaifisha. Anayetakatisha pesa naye anaweza kufungwa hadi miaka 14. Hata ile sheria ya 2010 ya magenge ina sehemu nzima ya kusaka na kuchukua mali ya genge, sehemu ambayo mtaani hutaisikia ikitajwa.

Inamshika nani? Anayetuma. Ni njia pekee kati ya hizi nne inayomlenga moja kwa moja mtu ambaye hajawahi kushika panga wala kusimama kwenye mlango wa mtu.

Inahitaji nini? Wahasibu, wapelelezi wanaosoma taarifa za benki na za pesa za simu, na mawakili wavumilivu. Na hapa lazima niseme ukweli: mitambo hii imejengwa kwa samaki wakubwa. Benki inatakiwa kuripoti malipo ya fedha taslimu yanayofika dola 15,000. Mia ya shemeji haitafika huko hata akiilipa maisha yake yote. Pesa ya steji inasafiri kwa noti za mia na kwa simu, vipande vidogo vidogo, na inapofika juu imeshageuka kuwa ploti, mabati na bodaboda kumi zilizosajiliwa kwa jina la shangazi. Anayetaka makali upande huu adai mambo mahususi: wapelelezi wa fedha wawekwe katika kaunti, si Nairobi tu, na ulaghai wa pesa za simu usichukuliwe kama kesi ya mtu mmoja aliyepoteza elfu tatu bali kama biashara ya kundi. Confirm ya Nakuru ilijulikana kwa wizi wa pesa za simu kabla haijajulikana kwa mauaji. Kama kuna aliyeufuata ule uzi mapema, sisi wa mtaani hatukumwona.

Muda: mrefu. Kesi za mali huchukua miaka. Hata hivyo shinikizo lipo: Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopima nchi zinavyopambana na pesa chafu, kwa hivyo serikali ina sababu zake za kutaka kuonekana inafanya kazi.

Ikikosea, inamuumiza mwenye mali asiye na karatasi. Fikiria mkulima wa Bahati aliyenunua ploti kwa pesa za ng'ombe, hana risiti hata moja. Katiba hailindi mali iliyopatikana kwa njia haramu, sawa, lakini mtu mwaminifu asiyeweka kumbukumbu anaweza kujikuta anatoa jasho kueleza. Kuna pia hatari ya silaha hii kuelekezwa kwa wapinzani wa kisiasa.

Inamfaa nani? Sako za matatu, wenye maduka ya jumla, na yeyote anayelipa kila siku na anajua, au anakisia, pesa inakoishia.

Njia ya tatu: kulinda mashahidi na kuharakisha kesi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ya ile barua ya mistari sita.

Mwenye kulalamika anaweza kuomba mahakama imruhusu aondoe malalamiko. Kwa makosa mazito hakimu hatakiwi kukubali hivi hivi, na kiongozi wa mashtaka anaweza kuendelea. Lakini ataendelea na nini? Kesi ya kutozwa "ya vijana" haina kamera, haina risiti. Ina mdomo wa mama. Mdomo ukifungwa, kesi imeanguka, na hakuna miaka, iwe 15 au 30, itakayosomwa na mtu yeyote. Wanaojua hili vizuri kuliko wabunge ni wale wawili waliosimama mlangoni pangu. Hawakubeba panga. Walihitaji tu aliyekuwa ndani awaone.

Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ipo tangu 2006, na marekebisho ya 2010 yaliunda Shirika huru la Kulinda Mashahidi. Shirika hilo linaweza kumhamisha shahidi na familia yake, kumpa utambulisho mpya, au kuiomba mahakama atoe ushahidi kwa jina la kubuni, nyuma ya pazia, kwa njia ya video, au katika kikao kisicho cha umma. Shahidi mwenyewe anaweza kuomba, na polisi au mwendesha mashtaka anaweza kumwombea.

Inamshika nani? Wote wawili, wa chini na wa juu, mradi kuna anayejua na anathubutu kusema.

Inahitaji nini? Pesa, kwa wingi, na siri. Kumhamisha mtu si kumpa nauli. Muuza nafaka ana wateja wa mkopo, chama cha kuweka akiba, shamba la nusu ekari na mama mkwe mgonjwa. Ukimpeleka mji mwingine umemwokoa na umemfilisi. Ndiyo sababu ninaona ulinzi mdogo wa kila siku una faida kubwa kuliko ule wa filamu: kesi isikilizwe mfululizo badala ya kuahirishwa miezi mitatu mitatu, shahidi aingie kwa mlango tofauti na ndugu za mshtakiwa, taarifa aliyoandika kituoni isisomwe na kila mwenye kiu ya kujua. Memoranda inaweza kudai hayo bila kungojea bajeti ya mabilioni.

Anayesema sauti ya siri inaweza kutumika kumsingizia mtu hajakosea. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kuhoji ushahidi dhidi yake. Jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba anaweza kujificha nyuma ya pazia akamaliza ugomvi wake. Mwaka 2019, Matungu na Mumias huko Kakamega zilipokumbwa na mauaji ya usiku na jina la genge la 42 Brothers likawa kwenye kila mdomo, hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba ungeweza kumtaja yeyote uliyemchukia. Kwa hiyo hakimu lazima abaki na uwezo wa kumjua shahidi hata kama umma haumjui.

Muda: wa kati. Kupanga kesi upya kunaweza kuonekana ndani ya mwaka. Kuhamisha mashahidi kunategemea Hazina.

Inamfaa nani? Vijiji na masoko ambako kila mtu anawajua wahusika kwa majina na hakuna anayefungua mdomo.

Njia ya nne: mlango wa kutokea

Wengi hudhani hii si sheria bali huruma. Mzee wa Bondeni hakubaliani. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, tangu 2008, inaruhusu mshtakiwa na upande wa mashtaka kukubaliana: akiri kosa dogo, aeleze anayojua, apunguziwe. Kilichokosekana ni utaratibu wa kijana ambaye bado hajashtakiwa, anayetaka kutoka na anaogopa pande zote mbili, genge na polisi.

Inamshika nani? Haimshiki mtu, inapunguza idadi ya vijana wa mlangoni, na wakati mwingine mmoja wao ndiye anayejua pesa inakwenda kwa nani. Inahitaji kazi ya kumpa baada ya hapo, na kazi inayodumu. Mwaka 2020 mpango wa serikali wa Kazi Mtaani ulilipa vijana shilingi 455 kwa siku katika awamu yake ya pili, kufagia mitaro na kufyeka nyasi. Linganisha na hamsini za kila kibanda sokoni, utaona ushindani ulivyo. Tena mpango uliisha na mitaro ikajaa. Muda ni miaka, si miezi. Ikikosea, inawaumiza waathiriwa: kijana anapokea msamaha mchana na kukusanya "ya vijana" jioni, na mama anayeporwa anaona mwizi amepewa kazi ambayo mwanawe aliyetulia nyumbani hakupata. Hilo la mwisho limenikaa moyoni, sina jibu lake.

Inamfaa nani? Wazazi, makanisa na misikiti, shule, na mitaa ambako vijana wengi wako pembeni mwa genge kuliko ndani yake. Inafaa zaidi kabla ya uchaguzi, maana ndipo makundi hukodishwa kwa bei nzuri.

Basi mchague vipi?

Kama mko Rhonda au Kivumbini na watoto wa darasa la nane wanaitwa "wanajeshi", anzeni na ya kwanza, lakini andikeni kosa la kuandikisha watoto, msiandike tu "adhabu kali". Ongezeni sentensi moja ya kudai kila msako uwe na orodha ya waliokamatwa, ili Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi iwe na pa kuanzia ikilalamikiwa. Na ya nne iwe nyuma yake, kwa hao watoto wenyewe.

Kama ni sako ya matatu Kondele, au wauzaji wa soko la Kibuye, kule Kisumu, na malipo ni ya kila siku, ya pili ndiyo yenu. Anzeni kuweka daftari leo: tarehe, kiasi, namba ya simu iliyopokea pesa. Wekeni nakala nje ya steji. Shemeji alianza hivyo, na sasa madereva wengine watatu wanaandika kimya kimya.

Kama ni kijiji cha Matungu au mteremko wa Mlima Elgon, ambako wahusika wanajulikana kwa jina la baba zao, ya tatu itawafaa kuliko ya kwanza. Wazee wa Nyumba Kumi waingizwe kwa tahadhari; mpango huo wa majirani kulinda mtaa wao, uliokuja 2013, hufaa tu kama mzee mwenyewe halishwi na genge. Mnamjua.

Kama wewe ni mlalamishi ambaye kesi yako iko mahakamani sasa hivi, usingoje sheria yoyote. Mwone mwendesha mashtaka kabla ya siku ya kesi, umwambie umetishwa, na uombe iandikwe kwenye faili. Kutishwa kwako ni kosa jipya, lina namba yake ya OB, kile kitabu cha matukio kituoni. Nenda na mtu.

Wenye nafasi ya kuomba mawili tu, na ndivyo huwa dakika zenu za kuzungumza zikiwa tatu, waoanishe yanayosaidiana. Njia ya kwanza na ya tatu zinaoana, kwa kuwa adhabu inahitaji shahidi. Ya pili na ya nne zinaoana pia: pesa iliyochukuliwa kwa anayetuma inaweza kulipia kazi ya anayetumwa, kama sheria itasema hivyo waziwazi. Ya kwanza na ya nne zikiombwa pamoja bila maelezo zitawafanya muonekane hamjui mnachotaka.

Kuhusu pa kupeleka, msimsumbue mwakilishi wadi kwa jambo hili. Makosa ya jinai na polisi ni kazi ya serikali ya kitaifa, na bunge la kaunti haliwezi kutunga sheria ya magenge. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lishirikishe umma, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba litunge, libadilishe au lifute sheria, kwa hiyo hamna haja ya kungoja mswada. Kwenye kaunti kuna mamlaka ya ulinzi wa kaunti iliyoundwa chini ya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, na huko mnaweza kupeleka malalamiko kuhusu polisi wanavyofanya kazi mtaani. Andikeni kurasa mbili, si zaidi. Tajeni kifungu mnachotaka kibadilishwe na mwandike maneno mnayotaka yawekwe mahali pake. Chukueni nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Ile memoranda ya chama iliishia kuwa na madai mawili, na mwenyekiti alinuna hadi mlangoni. Dai la kwanza linasema hakuna barua ya kuondoa malalamiko katika kesi ya genge itakayopokelewa mpaka hakimu azungumze na mlalamishi peke yake, ndani, bila mtu mwingine kusikiliza. Mama wa mitumba ndiye aliyelitunga, na mimi nikalipiga chapa bila kugusa neno.